Bibi Asia, Mtunza Kipulizio cha Pembe ya Vita ya Lumanga

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Bibi Asia binti Mkude wa bonde la Lumanga, juu ya Mkuyuni, anastaafu leo, tarehe mosi Julai mwaka 1912, akiwa na afya njema, meno machache na hasira zake zote. Katika muda wote huo kazi yake ilikuwa moja tu: kutunza kipulizio cha pembe ya vita. Wazee wa baraza wameniomba mimi, Agustino, mtunza pembe yenyewe, niandike maneno ya kumuaga na niyasome mbele yenu, kwa sababu nilifundishwa kuandika misheni, na kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko mtu yeyote aliye hai. Jumbe Dadi, ambaye namwona ameketi pale mbele kwenye kiti chake, alituma neno kwamba hotuba iwe fupi na ya kufurahisha. Nitajitahidi. Ya kufurahisha yapo, ila yatapishana na mengine.

Wageni waliopanda kutoka Morogoro mjini na Bigwa wanatazamana wakijiuliza kipulizio ni kazi gani ya kumweka mtu mzima miaka yote hiyo. Ni kipande cha mpingo, urefu wake kama kidole gumba, kinachochomekwa kwenye ncha ya pembe na kuzibwa kwa nta ya nyuki. Bila hicho, pembe yetu ni pembe ya mnyama tu. Ukiipuliza, pumzi inapita na kutoka upande wa pili, na unabaki umevimba mashavu mbele za watu. Pembe inakaa nyumbani kwangu. Kipulizio kinakaa kwa Bibi Asia. Mkuu wa bonde hapewi hata kimoja.

Mpango huo haukutokea kwa bahati. Waliolianzisha bonde hili walikuwa watu waliokimbia. Kule nyikani walikotoka palikuwa na mkuu aliyekuwa na ngoma ya vita karibu na kitanda chake. Akikosana na jirani, anaipiga. Akinyimwa mchumba, anaipiga. Akiamka na tumbo bovu akadhani amerogwa, anaipiga, na vijana wa watu wanakwenda kufa kwa ajili ya tumbo lake. Walipochoka kuzika walibeba watoto na mbegu wakapanda milima, na kabla hawajasimamisha nyumba ya kwanza walikaa chini wakakubaliana jinsi ya kuishi. Mkuu wao, ambaye kwetu anaitwa mndewa, ataamua kesi za mashamba, atapokea wageni, atasimamia maombi ya mvua. Heshima zote atapewa. Vita hatapewa.

Walikubaliana kwamba mndewa anayetaka vita atakwenda kwa miguu yake nyumbani kwa mtunza kipulizio, ambaye siku zote ni mwanamke wa lukolo la kwanza, yaani ule ukoo wa mama uliotangulia kufika. Hapo, mbele ya akina mama, ataeleza adui ni nani na amefanya nini. Atakuja na mpwa wake, mtoto wa dada yake, yule atakayemrithi, aseme kwa kinywa chake kwamba huyu ndiye atakayekuwa mbele ya wote. Kisha akina mama watajadiliana. Wakikataa, habari imekwisha. Wakikubali, watazima moto katika nyumba zote za bonde, kila jiko, ndipo kipulizio kitoke na pembe ilie. Jambo moja tu waliliacha wazi: adui akivamia, kila mtu ajilinde kwa alichonacho, kwa maana hakuna haja ya kuomba ruhusa kuutetea mlango wako. Naomba mlikumbuke hilo la mlango, maana kuna mtu alilitumia vibaya.

Na ninaposikia watu wenye viatu wakisema kwamba huku milimani hatukuwa na sheria mpaka bendera ilipopandishwa bomani, damu inanichemka. Sheria tulikuwa nayo. Ilikuwa inamfunga mkubwa kwanza, na labda ndiyo sababu wakubwa hawaitambui.

Bibi Asia aliingia kazini mwaka 1876, mama yake mdogo, aliyekitunza kabla yake, alipofariki. Wengi hawakumtaka. Alikuwa bado kijana, mama wa watoto wawili, na sauti yake ilikuwa inasikika ng'ambo ya mto hata anaponong'ona. Wazee walitaka mwanamke mpole. Akina mama wakasema mpole atalainishwa, na kwa kuwa neno lilikuwa lao, Asia akakabidhiwa. Alikitia kipulizio katika kifuko cha gome la mti akakivaa shingoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona bila kifuko hicho, akiwa shambani, mtoni au msibani.

Ila kuna siku chache za mwanzo ambazo hapendi zitajwe, kwa hiyo nitazitaja. Alikivua kukisafisha, akakiweka juu ya kinu, na mbuzi wake akakimeza. Bonde zima likawa halina uwezo wa kupigana na mtu yeyote mpaka mbuzi atakapoamua. Mbuzi akafungwa mbele ya nyumba, akalishwa majani mororo kama mgonjwa wa heshima, na kila asubuhi mndewa mwenyewe, marehemu Mndewa Mloka, alikuja kwa unyenyekevu kuuliza habari za tumbo lake. Wazee walikaa pale kwa zamu wakimtazama mbuzi nyuma. Kipulizio kilipopatikana, Bibi Asia alikiosha, akakichemsha, akakiosha tena, na mimi ndiye niliyetakiwa kukijaribu mdomoni. Yule mbuzi hakuchinjwa. Alikufa kwa uzee, akiwa mnene.

Kila mwaka baada ya mavuno tulikutana, yeye na mimi, kuangalia kama pembe na kipulizio bado vinakubaliana. Yeye alileta asali na nta, mimi nilileta pembe, na kila mwaka alinigombeza kwamba nimeacha mende waingie ndani. Nilimwambia mende wa Lumanga hawana heshima kwa mtu yeyote. Hakuwahi kucheka. Kisha tunafunganya, kila mmoja anashika njia yake, na vitu vyetu viwili vinalala mbali kama ilivyokusudiwa.

Asidhani mtu kwamba Bibi Asia ni mwanamke anayeogopa vita tu. Mara moja katika maisha yake alikitoa. Ulikuwa mwaka ule wanyakuzi wa watu walipoweka kambi chini ya bonde, wakawachukua watoto waliokuwa wanachota maji. Mndewa Mloka alikwenda kwa Bibi Asia asubuhi, kukiwa na manyunyu, akiwa na mpwa wake Stambuli. Akaeleza. Akamweka Stambuli mbele. Kisha akatoka akakaa chini ya mchirizi wa paa, akilowa, wakati akina mama wanabishana ndani. Mimi nilikuwapo na pembe yangu, nimesimama kando. Mtu aliyetuongoza sote alikaa pale mpaka jua likapita utosini, na hakugonga, hakuita, hakumtuma mtu kuuliza wamefika wapi. Mara moja tu alinong'ona kwamba miguu imemfa ganzi.

Bibi Asia alitoka akasema, "Tumekubali. Na Abasi wangu atakwenda." Abasi alikuwa mwanawe wa kwanza. Majiko yakazimwa, bonde likakaa bila moshi hata mmoja, na yeyote aliyeliona hivyo hawezi kusahau. Nilipuliza. Vijana wakashuka, wakawapiga wale watu pale kivukoni, wakawarudisha watoto wote. Stambuli hakurudi. Abasi naye hakurudi. Jioni Bibi Asia alikuja kwangu, macho makavu, akanyoosha mkono. "Umepuliza vizuri, mwanangu. Sasa nirudishie." Akakiosha, akakitia katika kifuko, akaenda kulia nyumbani kwake. Ninaandika hili ili lieleweke vizuri: huyu ni mtu aliyejua bei, akakubali kulipa pale ilipostahili. Anayemwita mwoga namwomba asimame aniambie yeye alimtoa nani.

Basi siku zikapita, Wadachi wakaja, boma likajengwa Morogoro, Mndewa Mloka akafariki, na badala ya mndewa tukaletewa jumbe. Huyo ni Jumbe Dadi. Alikuwa amekaa Bagamoyo na misafara, anajua maneno kadhaa ya Kidachi, anajua kuvaa. Nitamtendea haki: njia ya kushukia Mkuyuni aliitengeneza vizuri, na daraja la miti bado linasimama. Kama angeishia kwenye madaraja, leo ningemsifu kutwa nzima.

Halafu ukaja mwaka 1905. Habari zikafika kutoka kusini kwamba watu wamekunywa maji ya dawa na wameinuka dhidi ya serikali. Kila mtu aliogopa. Jumbe Dadi akatangaza kwamba watu wa Kilunda, ng'ambo ya mgongo wa mlima, nao wamekunywa, na lazima Lumanga iende kuwapiga kabla hawajatupiga. Kilunda! Watu tunaooana nao, tunaochota nao maji katika mfereji mmoja, watu ambao uasi wao mkubwa mpaka siku hiyo ulikuwa kuchelewa kwenye matanga. Walikuwa na kosa moja tu linalojulikana. Walikataa kumwachia Jumbe shamba la migomba lililo mpakani, na kesi hiyo alikuwa ameshindwa mbele ya wazee wote. Hilo kila mtu alilijua, hata wale waliojifanya hawalijui.

Kwanza alimtuma tarishi achukue kipulizio. Bibi Asia akampa tarishi maji ya kunywa, akamrudisha mikono mitupu. Kisha Jumbe akaja mwenyewe, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, na tulikuwa wengi tuliokuwa pale uani. Alimwamkia shikamoo vizuri, kisha akasema, "Bibi, hii si vita. Tunakwenda kuwatia adabu watu wachache, basi. Sasa kwa jambo ambalo si vita, akina mama nao waitwe wajadili nini?"

Bibi Asia akamuuliza, "Kama si vita, pembe ya vita unaitakia nini?"

Jumbe akaona njia hiyo imeziba, akashika nyingine. Akasema adui yuko mlangoni, na babu zetu wenyewe waliruhusu kila mtu kuutetea mlango wake bila kumwuliza mtu. Bibi Asia aliinuka taratibu, akaenda mpaka mlangoni, akachungulia nje kushoto na kulia. "Mlango upi, mwanangu? Huu wangu naona kuku tu." Watu walicheka, na nadhani kicheko kile Jumbe hajakisamehe mpaka leo. Kisha akauliza lile swali lenyewe: "Mpwa wako yuko wapi?"

Mpwa wake hakuwapo. Habari za kusini zilipofika tu, Jumbe alimpeleka Dar es Salaam kwenye kazi za reli, mbali kabisa na mishale. Alijibu kwamba kijana ana kazi ya serikali. "Basi tumngoje amalize," Bibi Asia akasema, akarudi kuchambua mboga zake.

Ndugu zangu, hebu tulitazame jambo hilo uso kwa uso. Mtu amemficha wa kwake, halafu anakuja kudai wa kwenu. Na anapoulizwa anasema si vita. Bunduki zipo, mikuki ipo, moto upo, lakini si vita! Kumbe mtu akitaka kuchinja ng'ombe wa watu atangaze tu kwamba si kuchinja, ni kumkata shingo kidogo. Nilikasirika siku ile, na miaka saba haijanipunguzia kitu.

Kilichofuata kilifanyika Jumapili, nikiwa kanisani. Watu wa Jumbe waliingia nyumbani kwangu wakachukua pembe, wakimsukuma mke wangu aliyesimama mlangoni. Na badala ya kipulizio walichokikosa, Jumbe alikuwa ameshachongesha kingine cha bandia, kazi ya fundi mmoja wa mjini, na lazima nikiri fundi yule alikuwa hodari. Jumatatu asubuhi pembe ikalia. Sauti ilikuwa ile ile. Niliisikia ikilia bila mimi.

Wanaume wakatoka na mikuki, maana sikio halibishani na pembe. Lakini mnaijua Lumanga ilivyo, nyumba zimetawanyika juu ya miteremko miwili inayotazamana, na mtu akisimama uani kwake anayaona majiko ya watu wote. Wakaangalia ng'ambo. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kila nyumba. Uji ulikuwa jikoni. Wakatazama moshi, wakatazamana, wakatazama moshi tena. Bibi Asia, aliyekuwa ameisikia pembe kama sisi, akatupa majani mabichi motoni, na kutoka nyumba yake ukainuka moshi mzito mweupe ulioonekana bonde zima. Jirani yake akatupa yake. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka Lumanga yote ikawa inafuka kana kwamba wanakausha samaki wa dunia nzima. Mikuki ikarudishwa darini. Wanaume wengi walirudi kumalizia uji, wengine wakaenda palizi.

Hapo ndipo Jumbe Dadi alipokosea, na ni kosa la mtu ambaye huangalia jiko pale tu anapokuwa na njaa. Alidhani nguvu iko kwenye pembe. Akaiba pembe, akachonga kipulizio, akapanga kila kitu, na hakuna hata mtu mmoja miongoni mwa washauri wake aliyekumbuka kwamba wanawake wamewasha moto.

Natamani kisa kiishie hapo, tucheke, tule. Hakikuishia hapo. Jumbe alikwenda Kilunda vivyo hivyo, na watu wake wa kukodi wenye bunduki. Walichoma nyumba. Walichoma maghala, mahindi ya mwaka mzima. Maji ya dawa hawakuyaona. Walikuta vyungu vya pombe ya harusi. Watu wa Kilunda walikimbilia msituni, juu kule kwenye ukungu na baridi, mvua ikinyesha, na miongoni mwao alikuwa Mwajuma, binti wa dada yake Bibi Asia, aliyeolewa kule na aliyekuwa na mtoto mchanga. Mtoto yule hakustahimili baridi. Mwajuma alirudi Lumanga amembeba mgongoni, amefungwa vizuri kwa nguo kama aliyelala, akampa Bibi Asia ampokee. Akina mama walimwosha, tukamzika pale juu ya mfereji.

Wiki iliyofuata Jumbe alisimama barazani, hapa hapa, akasema kwamba hapakuwa na vita yoyote, kwa hiyo hakuna mtu aliyekufa vitani. Alisema hivyo Mwajuma akiwa amekaa kwenye jamvi. Wazee walishuka bomani kumshtaki wakarudi na miguu iliyovimba tu, na Jumbe akabaki na cheo chake. Sijapata neno la kulieleza jambo hilo. Nimelitafuta katika Kiluguru, nikalitafuta katika Kiswahili, nikalitafuta hata katika maneno ya sala. Naona aibu kuishi katika nchi ambayo sentensi ile inaweza kusemwa na paa lisianguke.

Wanaume tulinung'unika, kama kawaida yetu. Bibi Asia hakunung'unika. Aliwachukua akina mama wa lukolo lote wakaenda kukaa uani kwa Jumbe, mbele ya jiko lake, kimya, migongo kwa mlango wa jiko. Hakuna aliyeweza kupita kwenda kupika. Hawakutukana, hawakupiga kelele, na kwa Bibi Asia kunyamaza ni kazi nzito kuliko kulima. Wake za Jumbe wakaja wakakaa nao. Jumbe akatishia, akabembeleza, akatuma watu wamtafutie chakula kwa jirani, na kwa jirani nako hakukupikwa. Pembe ilirudishwa nyumbani kwangu kabla Jumbe hajakonda sana. Kipulizio cha bandia nacho kilitolewa, na Bibi Asia akakitia motoni kupikia maharage, ambayo alisema yaliiva upesi kuliko kawaida.

Tangu wakati ule hakuna mtu aliyetoka Lumanga kwenda kumuua mtu. Katika nafasi kama hii tungesoma orodha ya mafanikio ya mstaafu, alichojenga na alichopanda. Bibi Asia hakujenga. Lakini tazameni kwenye mikeka. Wamekaa hapa wanaume ambao mwaka ule walikuwa vijana wa kushika mkuki. Wamenenepa. Wameanza mvi, wana wake wanaowagombeza, wana watoto wanaowaibia miwa. Gabrieli yule anakoroma sasa hivi ninaposoma. Kila mmoja wao angekuwa amelala Kilunda, au angekuwa amemlaza mtu Kilunda na kuishi na hilo. Wengine hawajawahi kumshukuru. Wamshukuru leo.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo Jumbe aliomba isiwemo. Macho ya Bibi Asia yamepungua na miguu haimpeleki mbali, kwa hiyo ameomba apumzike, na akina mama wamekubali. Kwa desturi wao ndio humchagua anayefuata, na wamemchagua Mwajuma, yule yule niliyemtaja. Jumbe Dadi amekataa. Amesema kipulizio kikae kwake, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na pembe nayo ikae humo humo, kwa usalama. Amesema zamani zimepita, watunzaji wawili ni kupoteza wakati, adui hasubiri. Amesema pia kwamba atakayekipokea bila amri yake atapigwa viboko mbele ya baraza. Na mwezi uliopita alisikika pale Mkuyuni sokoni akilalamika kwamba watu wa Kilunda wamerudi kujenga mahali pasipowahusu, karibu na ile migomba.

Sikilizeni, jamani. Adui hasubiri, kweli, ndiyo maana waliotuanzisha walituachia mlango. Akija adui wa kweli sitahitaji pembe kunijulisha, nitamwona mwenyewe na nitashika panga. Hofu yangu ni mkuu asiyeweza kusubiri. Mtu ambaye hawezi kukaa nje ya nyumba ya bibi mmoja asubuhi moja, akaeleza sababu yake, akamleta wa kwake, sababu hiyo haitoshi kumzikia mtoto wa mtu. Na mkisema Jumbe wa leo amebadilika, sawa, labda. Sheria haikuwekwa kwa ajili ya mkuu mwema. Tutakapoviweka vitu viwili ndani ya sanduku moja tutakuwa tumerudi kule nyikani tulikokimbia, kwa yule mwenye ngoma karibu na kitanda, na safari hii hakuna mlima mwingine wa kupanda.

Kwa upande wangu jibu ni jepesi. Pembe haitoki kwangu. Nina mgongo mpana na nimeshapigwa viboko kwa mambo madogo kuliko hili.

Bibi Asia, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa mara moja uliyosema ndiyo, na kwa Abasi. Tunakushukuru zaidi kwa kila ulipokataa, kwa kelele zako, kwa moshi wako, kwa kunigombeza kuhusu mende. Wengine tumelala usingizi miaka yote hii kwa sababu wewe ulikuwa na kitu shingoni. Kipumzishe sasa. Kaa juani, kula muhogo wa kuchoma, usilime tena, wacha watoto wakuletee maji. Mungu akupe siku nyingi, laini, zisizo na tarishi mlangoni. Hayo ndiyo maisha mema tunayokutakia, sisi sote wa Lumanga, na ndugu zetu wa Kilunda ambao wamekuja na wamekaa nyuma kabisa, karibu na njia.

Basi, vua kifuko. Anayetaka kuzuia asimame mwenyewe, asimtume mtu, watu wote wamwone.

Mwajuma, njoo mbele.